Mchinjaji Aliyetuchelewesha

Nimepika kwenye shughuli za watu Morogoro tangu nywele zangu zikiwa nyeusi bila msaada wa dawa, na katika miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyenichelewesha kama mchinjaji wetu. Wapo wenye shughuli walioleta mchele wageni wakiwa wamekaa. Wapo vijana wa kuni waliolala. Mvua imenikuta mara nyingi na masufuria yako wazi. Hao wote nimewasamehe na kuwasahau. Yeye sijamsahau, na sasa kwa kuwa hayupo tena wa kunichelewesha naweza kusema wazi kwamba nilimpenda, ingawa siku nyingi nilizompenda nilikuwa nimemnunia.

Jina alikuwa nalo, na msikitini kwake walilitumia. Sisi wa jikoni tulimwita Mchinjaji, naye aliitika. Aliishi Mwembesongo, mimi naishi Mji Mpya. Mimi ni Mkatoliki wa Matombo, lakini kwetu hilo halibadilishi kitu kwenye nyama. Ukifanya harusi au komunio, nusu ya wageni wako watatoka kanisani na nusu msikitini, na wengine kati yao ni watoto wa tumbo moja. Kwa hiyo anachinja Mwislamu, tunakula wote, habari imekwisha. Ndiyo maana mtu huyu nilimjua kuliko ninavyowajua wengi wa jumuiya yangu.

Alikuwa akifika asubuhi na mapema, kwa miguu, kanzu ameikunja kiunoni na mkononi ana kikapu cha ukili kilichojaa mchicha. Asiyemjua angedhani anatoka sokoni. Chini ya mchicha kulikuwa na kisu, kimeviringishwa kwenye kipande cha khanga. Hakutaka mnyama akione kabla ya wakati wake. Kukinoa alikinoa nyumbani, chumbani, mlango umefungwa na redio imefunguliwa kwa sauti, kwa sababu jirani yake alifuga mbuzi na yeye hakutaka mbuzi wa watu waishi na mlio ule masikioni. Jirani alinung'unika kuhusu redio. Sababu yenyewe hakuambiwa kamwe, maana Mchinjaji hakuwa mtu wa kujieleza.

Kikapu hicho kilituletea balaa siku moja, kwenye harusi ya Kihonda. Mmoja wa wapishi wangu alikiona kimewekwa ukutani, akaona mchicha, akamshukuru Mungu, akauchambua wote. Chini akakuta kisu. Akashukuru tena, akakikatia vitunguu. Mchinjaji alikuwa zizini akimsalimia ng'ombe, maana alikuwa na desturi ya kwenda kumsimamia mnyama kwanza mikono mitupu, amnuse, amzoee. Aliporudi akakuta kisu chake kimelala katikati ya maganda. Hakupiga kelele. Alikiangalia, akakinusa, akakiviringisha kwenye khanga, akaanza kuondoka.

"Unakwenda wapi, mzee?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Kimepoteza makali."

"Mwembesongo? Jiwe la kunolea lipo hapo nyuma ya choo!"

"Na ng'ombe yupo hapo mbele ya choo. Ana masikio, Mama Tereza. Wewe ndiye huna."

Akaenda Mwembesongo, akarudi. Bibi harusi alikwishashuka kwenye gari wakati nyama inaingia kwenye sufuria. Niliwapa watu chai na maandazi, nikawapa tena chai, na mama wa bwana harusi akaniuliza mbele za watu kama mimi ni mpishi au muuza chai. Wiki nzima sikumsemesha Mchinjaji. Naye wiki nzima hakugundua.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia, kwa sababu angevimba kichwa. Nyama aliyoichinja yeye iliiva vizuri. Mimi najua nyama kwa mikono, si kwa maneno. Ipo nyama inayofika jikoni imekaza, nyeusi nyeusi, unaipikia kuni za siku mbili na bado inang'ang'ania kama mpangaji asiyetaka kuhama. Hiyo ni ya mnyama aliyefukuzwa, aliyepigwa, aliyekufa akiwa na hofu. Ya kwake haikuwa hivyo. Ilikuwa na rangi nzuri na ilimtii mpishi.

Lakini gharama ya nyama hiyo ilikuwa kusubiri. Ng'ombe wengi wa shughuli huletwa kutoka huko Dakawa, wamesimama kwenye lori, wamefungwa pembe, macho yamewatoka. Wenye shughuli humpokea ng'ombe na hapo hapo humwita Mchinjaji. Yeye alimpelekea maji, akamfungia kivulini mahali pasipo na watu wengi, kisha akavuta kigoda na kukaa. Ukimuuliza anangoja nini, alijibu: "Acheue."

Alikuwa akisubiri ng'ombe aanze kucheua. Alisema ng'ombe mwenye hofu hacheui, na akianza kutafuna tena alichokila jana, basi moyo umerudi mahali pake na mtu anaweza kumkaribia kwa heshima. Basi mimi hapa maji yanachemka, pale mwenye shughuli anatembea huku na huku na simu sikioni, na kule kivulini mzee mmoja na ng'ombe mmoja wamekaa wanatazamana. Nilikuwa nikichungulia mdomo wa yule ng'ombe kuliko nilivyowahi kuchungulia mlango nikingoja wachumba. Ulipoanza kwenda kulia na kushoto, jiko zima lilishangilia, na Mchinjaji akatugeukia kwa hasira: "Nyamazeni! Mtamtisha upya."

Akishamlaza ng'ombe taratibu, kichwa kikielekea kibla, alisoma jina la Mungu na kazi ikaisha kwa mara moja. Hiyo sehemu ilikuwa fupi mno. Baada yake kukaja kungoja kwingine. Vijana wa kuchuna, ambao hulipwa wakimaliza na kukimbilia shughuli nyingine, walitaka kuanza miguu ya nyuma mara tu damu inapopungua. Yeye alisimama katikati, mikono mgongoni.

"Bado yumo," aliwaambia.

"Mzee, huyu kashakufa."

"Bado yumo. Mwenye nyumba hajatoka, nyinyi mnang'oa mabati?"

Hakusogea mpaka alipogusa jicho kwa ncha ya kidole na kuridhika. Kama kulikuwa na mnyama wa pili, alimtaka apelekwe nyuma ya nyumba, na ile ngozi ya kwanza ikunjwe, na damu ifukiwe, ndipo wa pili aletwe. Kwenye shughuli kubwa ya mbuzi wengi, ungeapa kwamba anawaoza watoto wake.

Na watoto wa watu aliwafikiria pia, kwa namna yake. Mara nyingi mbuzi wa sikukuu hununuliwa mapema, watoto wanamlisha majani, wanampa jina. Kuna nyumba Kilakala ambako mbuzi aliitwa Waziri. Mchinjaji alipofika na kusikia watoto wakimwita Waziri njoo, Waziri kula, alimwita baba yao pembeni akamwambia awapeleke watoto mjini wakale aiskrimu. Yule baba akacheka, akasema watoto wa kiume lazima wazoee. "Watazoea," Mchinjaji akamwambia, "lakini si kwa Waziri." Na hakugusa kikapu mpaka watoto walipoondoka.

Msije mkadhani alikuwa mtu mpole. Upole wake wote aliumaliza kwa wanyama, sisi tukabaki na makapi. Alikuwa mkali, mbishi, na hakujua kusema asante. Mke wake, marehemu sasa, mwanamke mcheshi kweli, aliniambia siku moja tukiwa tunachambua mchele kwao: "Mimi ningekuwa mbuzi ningeshapewa maji." Alisema kwa sauti kubwa ili asikie. Mzee aliinuka, akaenda mtungini, akaleta kikombe cha maji, akampa mkewe, akarudi kukaa. Mama wa watu alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Kwenye drafti alikuwa mwizi. Nasema mwizi kwa sababu wazee wa pale kijiweni kwake walisema hivyo na yeye hakukanusha. Ukigeuka kumwita muuza kahawa, kete yako moja imehama. Ukimshika anasema upepo. Mtu ambaye hangemdanganya mbuzi hata kwa mchicha, maana mchicha wa kikapuni alimpa mbuzi aule kweli, huyo huyo alimdanganya rafiki yake wa utotoni kwa ajili ya kete ya kizibo cha soda.

Na sindano aliiogopa. Alipougua malaria, muuguzi alipotoa sindano, Mchinjaji aliuliza kama hakuna vidonge. Muuguzi akamwambia, "Mzee, wewe si ndiye unayechinja?" Akajibu, "Ndiyo, na huwa siwaonyeshi." Yule dada ikabidi ageuke, afiche sindano nyuma yake, ndipo mzee akatoa mkono.

Tena alipenda nyama. Watu waliomwona anavyosubiri na kubembeleza walidhani moyoni anasikitika, labda nyumbani anakula maharage. Wapi! Alikula supu ya kichwa na kuomba nyingine. Nilipomtania alisema, "Mtu asiyekula nyama hana ugomvi na ng'ombe. Mimi ninao. Basi niumalize kwa adabu."

Siku moja nilikuwa Msamvu nikimsubiri mgeni anayeshuka kwenye basi. Ikapita bodaboda imebeba mbuzi nyuma, amefungwa miguu yote minne, kichwa kinaning'inia karibu na bomba la moshi. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Simama! Simama wewe!" Dereva akasimama, akafurahi, akidhani amepata mteja.

"Wapi, mzee?"

"Siendi popote. Mshushe abiria wako."

Watu wakajaa. Msamvu watu hujaa hata kwa kichupa kilichodondoka. Mchinjaji alimfungua mbuzi kamba kwa mikono yake, na mbuzi akashindwa kusimama, miguu imekufa ganzi. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi la kituo, na kanzu yake, akaanza kuikanda miguu ile mmoja baada ya mwingine. Vijana walimcheka, wakampiga picha. Kisha akamuuliza dereva mbuzi anakwenda kwa nani, akaambiwa Chamwino, akashika kamba akaondoka naye kwa miguu. Dereva alimfuata nyuma polepole na pikipiki, akilalamika njia nzima kwamba bosi wake atafikiri kaibiwa. Mimi nilisahau mgeni wangu, akaja kunitafuta yeye.

Sasa kuhusu kuku. Kila mtu wa huku anajua kwamba kwetu mwanamke hachinji. Mume akiwa safarini na kuku yupo, utasimama mlangoni na kuku wako na kisu, unangoja mwanamume yeyote apite. Anaweza kuwa muuza mitumba, anaweza kuwa mlevi anayepepesuka, mradi ni Mwislamu na ana suruali, unamwomba, anakukatia haraka haraka, anaendelea na safari zake. Mtaa wa Mchinjaji wanawake walimsubiri yeye, na yeye akawatesa. Ukimletea kuku umemshika miguu, kichwa chini, hakupokea.

"Mgeuze kwanza."

"Mzee, chungu kiko motoni."

"Wewe ungebebwa hivyo kutoka sokoni ungetaka chungu au ungetaka kupumzika?"

Kuku akawekwa chini ya tenga, akapewa maji, akaachwa apumue, na mwenye kuku akasimama hapo akimeza maneno. Mimi mwenyewe siku hizi nikitoka sokoni nambeba kuku kwapani kama mtoto. Watu wananicheka, na nikijaribu kumgeuza namsikia mzee yule.

Kisha akapata kiharusi. Hakikumwangusha kabisa. Ulimi ulirudi, miguu ilirudi na fimbo, lakini mkono wa kulia ukabaki na mtetemeko. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa kibarazani, mkono ameukalia ili usionekane. Nikamwambia shikamoo mzee, pole. Akaitikia marahaba, akaniambia, "Nimeacha." Neno moja. Nikajifanya sikuelewa. Akautoa mkono, akaunyoosha mbele yangu, tukautazama wote wawili ukicheza. "Huu ukishika kisu," akasema, "mnyama atapata habari mara mbili." Nililia njia nzima nikirudi nyumbani, na mimi si mtu wa kulia barabarani.

Watoto wake wa kiume walikwenda Dar na mambo yao. Aliyebaki ni binti, Zena, anayesuka nywele Mji Mpya, karibu na kwangu. Zena ndiye aliyekuwa akimshikia wanyama babake tangu mama yake alipofariki, akiwafunika jicho kwa kiganja na kuwanong'oneza. Vidole vya msusi ni vidole visivyo na papara. Mzee alimfundisha kuchinja kuku, kisha mbuzi, nyumbani, kimyakimya. Alikwenda kumuuliza shehe wa msikiti wao, na shehe akamwambia kwamba dini haikatazi, mwanamke Mwislamu akichinja kwa jina la Mungu na kwa utaratibu, nyama yake ni halali. Siku moja baada ya sala shehe akalisema hilo mbele ya watu. Watu wakaitikia ndiyo, shehe. Na kesho yake mwanamke wa nyumba ya tatu akapita mbele ya mlango wa Zena na kuku mkononi, akasimama barabarani kumngoja mwanamume.

Nilimuuliza yule mama kwa nini. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Dada yangu, dini imeruhusu. Tumbo langu ndilo halijaruhusu."

Hili lilimuumiza mzee kuliko ugonjwa. Alikuwa anakaa kibarazani anamwona mpita njia anamkatakata kuku kwa kisu butu, kuku anapiga mabawa mpaka mtaroni, na nyumba nzima inakwenda kumla bila wasiwasi. Na ndani ya nyumba yake upo mkono mtulivu ambao hakuna anayeutaka. Aliniambia, "Mama Tereza, nikifa na hali hii, nitakuwa nimewafundisha watu kusubiri bure."

Basi ikafika komunio ya kwanza ya mjukuu wangu. Tuliifanyia nyumbani kwetu Matombo, kwa mwanangu. Mkwe wangu wa kike ni mtoto wa Kiislamu wa huko huko mlimani aliyeolewa kwetu, na baba yake, Mzee Sefu, ni mtu wa heshima anayekuja na jamaa zake wote. Nilimwomba Mchinjaji aje. Sikumwambia aje kuchinja, nilimwambia aje. Akaja na Zena, kwenye gari dogo nililokodi. Barabara ile inajua kupanga mifupa upya, na kila tulipodunda mzee aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto kama anayeshika mtoto asitoke garini.

Mbuzi alikuwa amefungwa chini ya migomba, ametulia, maana hakusafirishwa, alinunuliwa nyumba ya juu yetu. Mzee akamletea maji, akakaa naye. Kikapu cha mchicha kilikuwa mkononi mwa Zena. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mkeka, na walipoona ni binti anayekunja mikono ya baibui, mazungumzo yakakatika.

Mzee Sefu aliinuka. Aliongea kwa upole, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Mkali unaweza kumjibu.

"Mkwe," akaniambia, "sisi tumezoea mwanamume. Mzee mwenyewe si huyu hapa?"

"Mkono wangu unatetemeka, Mzee Sefu," Mchinjaji akasema.

"Tumeona, na pole sana. Lakini shika wewe. Ukitetemeka kidogo, Mungu anajua nia."

"Mungu anajua nia. Mbuzi atajua kisu."

Kijana mmoja wa upande wa Mzee Sefu akajitolea. Mchinjaji akamuuliza amewahi kuchinja mbuzi. Akasema kuku. Na kisu alichokuwa nacho alikuwa amekinoa dakika ile ile kwenye ngazi ya jiwe, na mbuzi alikuwa amegeuza shingo anamwangalia. Mchinjaji hakumkaripia, ndipo nikajua jinsi alivyochoka. Akasema tu, "Hapana, mwanangu."

Nilielewa kilichokuwa mbele yetu. Mkono wake mwenyewe, ambao kila mtu pale angekula ulichokigusa, ungemuumiza mnyama. Mkono wa binti yake usingemuumiza, na watu hawangekula. Angeweza kufumba macho na kukishika kisu, na shughuli yangu ingekwenda vizuri, na Mzee Sefu asingekasirika. Nilimwona anakitazama kikapu. Nilimwona anautazama mkono. Akaniangalia mimi, mtu ambaye maisha yake yote alimchelewesha, na machoni sikuona ukali wowote.

"Mbuzi ni wangu," nikasema. "Zena achinje. Asiyetaka nyama, wali upo na maharage yapo, na hakuna atakayeulizwa."

Mzee Sefu alirudi kukaa kwenye mkeka na kutazama migomba.

Zena akamlaza mbuzi. Akamfunika jicho, akamnong'oneza nisichokisikia. Baba yake alisimama akiwapa mgongo, ameegemea fimbo, uso ameuelekezea mlimani. Nilisikia jina la Mungu kwa sauti ya kike, wazi kabisa. Baada ya hapo sikusikia kitu, wala mlio, wala kwato kupiga udongo. Watu wote uani hawakusikia kitu. Tulingoja mpaka Zena alipogusa jicho kwa kidole na kusema, "Katoka," ndipo baba yake akageuka.

Nilipika nyama ile kama ninayepika mara ya kwanza. Nikapakua wali kwenye sinia kubwa la wanaume na nyama kwenye bakuli katikati, mwanangu akakaribisha. Wale wa kwetu walianza. Wale wa Mzee Sefu walinawa, wakasogea, wakachota wali, na kila mkono ulilizunguka bakuli bila kuligusa. Walikuwa wakimtazama mzee wao, na mzee wao hakuwa amenawa bado.

Tangu augue, Mchinjaji hakuwa akila mbele za watu. Zena alikuwa akimpelekea sahani chumbani na kufunga mlango, kwa sababu chakula kilimwagika njiani kabla ya kufika mdomoni, na yeye hakuweza kuvumilia kuonekana hivyo. Nilikwishamwekea sahani yake chumba cha ndani. Sasa nikamwona anakuja uani na fimbo yake. Akaomba maji ya kunawa. Akajishusha kwenye mkeka, katikati ya wanaume, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya wote.

"Bismillahi."

Mkono ukatetemeka mpaka ukingo wa bakuli ukalia. Akakamata kipande, kikaanguka juu ya wali. Akakifuata, kikaanguka kwenye kanzu. Hakuna aliyecheka wala aliyeangalia pembeni. Akakiokota kwenye kanzu, akakifikisha mdomoni, akatafuna polepole, akameza. Kisha akaurudisha mkono ule bakulini kuchukua kingine.

Mzee Sefu alimtazama. Halafu akasema, "Sogeeni kidogo," akanawa, akakaa ubavuni kwake. Alichukua mfupa wenye nyama, akaichambua kwa vidole vyake, na zile nyama laini akaziweka upande wa sinia ulio karibu na mwenzake, pale ambapo mkono hauhitaji kusafiri mbali. Mfupa akaula mwenyewe. Wengine wakaanza kuchukua, si wote, siwezi kusema uongo, lakini wengi.

Nilikwenda jikoni kwa sababu sikuweza kubaki pale. Zena alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango, anaosha kisu kwenye beseni, na nadhani alikuwa akikiosha tangu tulipopakua.

"Wanakula?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Baba yako anakula," nikamwambia. "Yuko uani na watu."

Akakiacha kisu majini. Akajifunika uso kwa mtandio, na mimi nikachuchumaa karibu yake, nikamshika bega, mpaka tulipoitwa kuongeza nyama.